Kiunzi cha Kale

Kazi za mwanadamu ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni kuunda kitu ambacho hakikuwako. Namna ya pili ni kukitunza kisiharibike baada ya kuwako. Sifa za ulimwengu huelekea namna ya kwanza. Siku ya kufungua nyumba mpya utepe hukatwa na jina la mjenzi hutajwa mbele ya wageni. Siku ya kuziba ufa wa nyumba hiyo hapana mgeni aalikwaye. Hata hivyo, nyumba huishi mikononi mwa mziba nyufa miaka mingi zaidi kuliko ilivyoishi mikononi mwa mjenzi wake. Wahenga waliosema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wakiitetea kazi isiyokuwa na ngoma wala zumari.

Kazi hiyo ya pili imepata uwanja mpya katika fani changa ya programu za kompyuta, na humo uzee huja upesi kupita kiasi. Nyumba ya mawe yenye miaka 20 ni mpya. Jahazi lenye miaka 20, likikalafatiwa vema, bado lina safari nyingi mbele yake. Programu yenye miaka 20 ni kikongwe ambaye wa rika lake wote wamekwisha kuzikwa. Sababu ya tofauti hii si kuchakaa, maana msimbo wa programu hauliwi na mchwa wala hauingii kutu. Herufi zilizoandikwa 1998 ni zile zile leo. Kinachobadilika ni kila kitu kilichozizunguka.

Mwunda majahazi analijua neno kiunzi. Kwake ni mkuku na mataruma yaliyosimamishwa kabla ya mbao za ubavuni kupigiliwa, na umbo lote la chombo hutokana na hayo. Mafundi wa kompyuta hulitumia neno hilo kwa msimbo ulioandikwa na watu wengine, ambao fundi huutwaa ukiwa tayari ili asianze kila jambo mwanzo: namna ya kufungua dirisha juu ya kioo, namna ya kuhifadhi orodha, namna ya kumtambua mtumiaji kwa neno lake la siri. Kwa msaada wake kazi ya mwaka humalizika kwa mwezi. Faida hiyo ni kubwa, lakini ina sharti ambalo aghalabu halisomwi siku ya kwanza. Mwenye kujenga juu ya kiunzi cha wengine huufungamanisha umri wa kazi yake na uamuzi wa wengine.

Sharti hilo hudhihirika siku kiunzi kinapoachwa na waliokiunda. Visual Basic 6 ilitolewa na kampuni ya Microsoft 1998, na utunzaji wa vyombo vyake vya uandishi ukakoma Aprili 2008. Visual FoxPro ilipata toleo lake la mwisho, la tisa, 2004. Januari 2015 ikaachwa kabisa. AngularJS, kiunzi cha kurasa za mtandao kilichotoka Google, kilizaliwa 2010. Mwaka 2016 kikatoka kiunzi kingine chenye jina karibu lile lile na mwenendo ulio mbali nacho, na siku ya mwisho ya 2021 kile cha kwanza kikaachwa. Lugha ya Python katika toleo lake la pili ilifikia kikomo siku ya kwanza ya 2020. Matangazo hayo yote yalitoka mbali. Hapana duka la Dar es Salaam lililoulizwa kama liko tayari, wala hapana fundi wa Afrika Mashariki aliyeombwa kura yake.

Ajabu ni kuwa kiunzi kilichoachwa hakifi siku ya tangazo. Kesho yake programu huamka na kufanya kazi kama ilivyofanya jana, na kwa sababu hiyo mwenye nayo haamini kuwa kuna msiba. Lakini tangu siku hiyo kila kosa litakalogunduliwa ndani yake halitasahihishwa na waliokiunda. Mashine mpya itakuja, kichapishi kipya kitakuja, sheria mpya itakuja, na mwizi mpya atakuja. Programu peke yake itabaki palepale, ikingoja mtu wa kuipatanisha na ulimwengu uliokwisha kuipita. Mtu huyo ndiye fundi mtunzaji.

Katika Wilaya ya Ilala, mahali panapomwonyesha fundi huyo waziwazi ni Kariakoo. Jina la mtaa huo ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ambao Waingereza waliwaweka hapo. Kikosi kilikwisha zamani, na jina likapewa soko. Kuzunguka jengo la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, yamejipanga maduka ya jumla yanayowauzia wanunuzi wa mikoani, na wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Nyuma ya kaunta za mengi ya maduka hayo ipo kompyuta iliyofunikwa kitambaa kwa kukinga vumbi. Kazi yake ni kushika hesabu ya mali iliyoingia, mali iliyotoka, na zaidi ya yote, madeni.

Programu za namna hiyo aghalabu hazikununuliwa zikiwa ndani ya kasha. Zilishonwa kama nguo, kwa kipimo cha mwili mmoja. Mwenye duka alimweleza kijana aliyesoma jinsi auzavyo na jinsi akopeshavyo. Kijana akaandika usiku, akaleta asubuhi, akarekebisha, akalipwa mara moja, akashukuriwa, akaenda zake. Leo huenda amekuwa mkuu wa idara mahali fulani, au yuko ng'ambo, au amebadili kazi. Hakuacha maandishi ya kueleza alivyofanya. Makubaliano yao hayakuwa na neno hata moja juu ya miaka itakayofuata, maana pande zote mbili zilidhani kuwa kitu kilichokwisha kimekwisha.

Na afikiriwe, kwa mfano, mwenye duka moja la jumla la khanga na vitenge, ambaye programu yake iliandikwa 2007 kwa Visual Basic 6, na kumbukumbu zake zikawekwa katika faili moja la Microsoft Access. Wakati huo kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa asilimia 20, kama ilivyokuwa tangu ianze kutozwa Tanzania Bara 1998. Julai 2009 ikashuka kuwa asilimia 18. Laiti mwandishi angaliiweka namba 20 mahali pamoja, kazi ingalikuwa ya dakika moja. Lakini aliiandika kila mahali ilipohitajika: katika ankara, katika taarifa ya siku, katika taarifa ya mwezi, katika marejesho ya mali. Fundi aliyeitwa kuibadili alipabadili mahali saba na kupasahau pa nane, na kwa mwaka mzima mali iliyorudishwa ilihesabiwa kwa kodi ya zamani. Mwaka 2010 serikali ilianza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi hiyo watoe risiti kwa mashine za EFD. Programu haikuzijua mashine hizo, kwa hiyo karani akawa anaandika kila mauzo mara mbili, mara moja kwenye kompyuta na mara moja kwenye mashine. Na penye kuandika mara mbili hapakosi kutofautiana.

Taabu nyingine ilikuwa ikikua kimya. Faili la Microsoft Access haliwezi kupita gigabaiti 2. Ni kama stoo isiyo na ubavu wa kuongezwa chumba: maadamu kuna nafasi, hapana anayeufikiri ukuta, siku nafasi ikiisha, hata katoni moja haiingii. Duka lililokuwa likiandika mauzo ya siku hadi siku kwa miaka 15 lilikuwa likiusogelea ukuta huo bila kujua. Fundi kijana aliyeitwa kutazama kwa nini mashine imekuwa nzito aliona jambo hilo, akamweleza mwenye duka kuwa programu yake iko hatarini.

"Mwanangu," alijibu mwenye duka, "mashine hii imenilisha, imeoza wanangu wawili, na jana imefunga hesabu sawasawa. Waniambiaje imekufa?"

"Mzee, haijafa," alisema kijana. "Waliounda msingi wake ndio waliouacha. Ikianguka sasa, hapana wa kumwita ila mimi na wachache wenzangu."

"Basi nimekuita wewe. Itazame."

Aliitazama. Ndani ya msimbo alikuta mikono ya watu wasiopungua watatu, kila mmoja na desturi yake ya kuandika, na mahali pamoja onyo fupi: usiguse hapa. Alikuta pia mstari mmoja uliomshangaza. Kila jumla ya ankara ilikuwa ikisogezwa hadi shilingi 50 iliyo karibu. Aliuona kuwa kosa la hesabu, akaufuta. Jioni ile droo ya fedha na taarifa ya siku havikupatana, na siku iliyofuata havikupatana tena. Ndipo karani mzee alipomweleza kuwa sarafu ndogo kuliko hamsini zilikwisha kupotea mikononi mwa watu, na kuwa mwandishi wa mstari ule alilijua soko kuliko aliyeufuta. Kijana aliurudisha, na juu yake akaandika sababu.

Hapo pana fundisho kubwa la kazi hii. Programu kongwe ni zaidi ya amri zilizopewa mashine. Ni kumbukumbu ya mambo ambayo duka lilijifunza kwa hasara. Ile ya khanga ilijua kuwa korja ni ishirini. Ilijua kuwa kuna mnunuzi ambaye daftari lote linamtambua kwa jina la Mama Tunduma, asiye na anwani wala barua pepe, na ambaye deni lake hulipwa msimu wa mavuno. Mwenye duka aliwahi kununua programu mpya iliyo tayari, nzuri kwa macho. Ikamtaka kila mteja ataje jina la kwanza, jina la ukoo na barua pepe kabla ya kuuziwa doti moja. Makarani waliivumilia wiki mbili, kisha wakarudi kwa kikongwe wao. Walirudi kwa kuwa programu ya zamani iliwajua wateja, na mpya ilitaka kufundishwa upya yale ambayo hapana aliyekumbuka kuyaandika.

Walakini haifai kuusifu ukongwe kupita haki yake. Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Ilipenya katika mwanya ambao Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka chake miezi miwili kabla; walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na wale waliokuwa wakitumia matoleo yasiyotunzwa tena. Mwenye kukaa na kiunzi kilichoachwa hukaa katika nyumba ambayo ufunguo wake umenakiliwa na watu asiowajua. Siku nyingi hazitamletea mwizi. Siku moja yatosha.

Kuna gharama nyingine, nayo humwangukia fundi. Wenzake waliosoma naye wanaandika kwa viunzi vya mwaka huu, na matangazo ya kazi huvitaja hivyo hivyo. Kila mwaka autumiao kuyatibu ya kale ni mwaka asioutumia kujifunza yanayotafutwa na waajiri. Akipeleka barua ya kuomba kazi, huulizwa ameunda nini, na jibu lake la kweli ni kuwa amezuia maanguko mengi ambayo kwa kuzuiwa hayakuonekana na mtu. Hata malipo yake huja na mabishano. Mwenye duka huuliza kwa nini atozwe fedha nyingi kwa mstari mmoja uliobadilishwa. Kijana hujibu kuwa mstari ni mmoja, kuutafuta ndiko kulikochukua siku tatu. Mwenye kuunda hulipwa kwa kitu kinachoonekana. Mtunzaji hudai malipo ya msiba ambao haukutokea.

Mafundi wa Kariakoo hawako peke yao katika dhiki hii. Lugha ya COBOL ilibuniwa 1959 kwa hesabu za biashara na serikali. Aprili 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipowaacha watu wengi bila kazi, gavana wa jimbo la New Jersey, Marekani, alijitokeza hadharani kuomba wajuzi wa lugha hiyo, kwa kuwa mashine za kushughulikia malipo ya wasio na kazi ziliendeshwa kwa programu za miongo mingi na waliozijua walikuwa wamestaafu. Nchi iliyouza viunzi vipya ulimwenguni kote ilikuwa ikiwatafuta wazee wake waje kushika vya zamani.

Tanzania nayo ililipata somo lake mapema. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha 1965. Jaribio la kuziendesha hesabu za serikali kwa kompyuta halikufaulu, na 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini ila kwa idhini maalumu. Ni rahisi kwa mtu wa leo kuicheka marufuku hiyo. Lakini ndani yake mna swali la haki ambalo wengi wanunuao mitambo hawajiulizi hata sasa: mashine hii ikikosea, ni nani miongoni mwetu atakayeisahihisha? Mashine hununuliwa kwa siku moja. Watu wa kuitunza hupatikana kwa miaka. Palipokosekana watu hao, mashine ilionekana mwovu, na dhambi ya upungufu wa mafundi ikatwikwa chuma.

Mbele ya programu kongwe watu hufanya mojawapo ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni la woga: kutoigusa kabisa, kuitafutia kompyuta chakavu zinazofanana na ya kwanza, na kuomba isizimike. Kosa la pili ni la kiburi: kuitupa yote na kuandika nyingine tangu mwanzo. Kampuni ya Netscape, iliyokuwa na kivinjari mashuhuri katika miaka ya 1990, iliuacha msimbo wake wa zamani 1998 ili iandike mpya. Toleo jipya, la sita, lilipotoka Novemba 2000, wasomaji wengi wa mtandao walikuwa wamekwisha kuhamia kwa mshindani wake. Mwoga hufa pamoja na kikongwe wake. Mwenye kiburi hubaki bila nyumba wakati akichimba msingi.

Njia ya katikati ni ndefu na haina fahari, lakini ndiyo ifikishayo. Kwanza, kumbukumbu hunakiliwa na kuwekwa mahali pengine, na nakala hujaribiwa kama inafunguka, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Pili, yale ambayo programu huyafanya huandikwa kwa lugha ya watu, pamoja na sababu zake, mbele ya karani azijuaye. Tatu, kiungo kimoja huhamishwa: kwanza ghala la kumbukumbu litoke katika faili la gigabaiti 2 na kuingia katika hifadhidata kubwa, kisha ankara, kisha taarifa. Kipya na cha kale huendeshwa pamoja, na hesabu zao hulinganishwa jioni hadi jioni, mpaka cha kale kisiwe na kazi iliyobaki. Soko la Kariakoo lenyewe lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, jengo kongwe halikubomolewa lote kwa hasira ya moto. Lilikarabatiwa, na kando yake likajengwa jipya. Fundi wa programu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Wasomi wa Kiswahili wanaweza kudhani kuwa jambo hili ni la mafundi peke yao. Sivyo. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kuheshimiwa, maana istilahi zilitafutwa moja moja na kujadiliwa. Lakini msingi wake ulikuwa toleo la kwanza la OpenOffice. Toleo la pili likatoka 2005, na mwaka 2010 waandishi wengi wa programu hiyo wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Kila mama alipohama, mtoto alihitaji kubebwa. Tafsiri isiyobebwa hubaki katika nyumba iliyohamwa, ikisema Kiswahili kizuri na kuta. Kutunga istilahi ni mwanzo wa kazi. Kuzifuatisha istilahi hizo toleo baada ya toleo ndiko kuipa lugha makao ndani ya mashine.

Watu wa lugha wanaijua kazi hiyo kwa jina lingine. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, ikatoka tena 2004, na kwa mara ya tatu 2013. Kila mara maneno mapya yaliingia, maana zilizopungua zilijazwa, na mwili wa kamusi ukabaki. Hapana aliyependekeza kuichoma na kuanza na ukurasa mweupe kwa kuwa ni ya zamani, wala hapana aliyekataa kuiongeza kwa kuwa ni tukufu. Subira inayotolewa kwa kamusi yastahili kutolewa pia kwa programu inayoshika riziki za watu.

Kwa hiyo wajibu umegawanyika mafungu matatu. Mwenye programu amlipe mtunzaji kila mwezi kama amlipavyo mlinzi wa mlango, ambaye hapana amdharauye kwa sababu usiku wa jana mwizi hakuja. Chuo kiwape wanafunzi, pamoja na kazi ya kuunda kipya, programu kongwe iliyoandikwa na mtu wasiyemjua, na kiwapime kwa jinsi walivyoielewa kabla ya kuigusa. Na fundi, katika kila mstari wenye sababu isiyoonekana, aiandike sababu hiyo kando yake. Viunzi anavyoviita vipya leo vitaachwa navyo, kwa tangazo litakalotoka mbali bila kumwuliza, na mtu asiyemjua ataketi mbele ya kazi yake akijaribu kuielewa. Mtu huyo hatalijua jina lake; lakini akiyakuta maandishi hayo, hataufuta mstari ulio na haki ya kubaki.